Maswali ya Wasomaji: Sarafu ya mzee mwenye ndevu na sarafu ya tembo

Shikamooni. Babu yangu alikwenda Joni (Johannesburg) miaka ya 1950 kupitia Wenela, shirika lililoandika vijana kazi za migodini Afrika Kusini. Ametuachia sarafu nzito: upande mmoja mzee mwenye ndevu, upande wa pili swala, mwaka 1974. Sonara kaipima, kapata gramu 33.9. Anasema imeandikwa wakia moja, na wakia moja ni gramu 31.1, tena rangi yake ina wekundu, kwa hiyo ni feki. Anataka nimwachie kwa bei ya chakavu.
*Msomaji, Tukuyu*

Marahaba. Usimwachie. Mambo hayo mawili anayoyaona kuwa kasoro ndiyo dalili nzuri za sarafu hiyo.

Hiyo inaitwa Krugerrand, na ilianza kutolewa Afrika Kusini mwaka 1967. Mzee ni Paul Kruger, aliyekuwa rais wa jamhuri ya Makaburu ya Transvaal. Sura yake ilichongwa na Otto Schultz kwa sarafu za jamhuri hiyo za mwaka 1892, na swala ni kazi ya Coert Steynberg. Ni dhahabu ya karati 22, yaani mafungu 22 ya dhahabu na mafungu 2 ya shaba. Shaba iliongezwa ili sarafu iwe ngumu, isichubuke ikishikwashikwa, na ndiyo inayoleta wekundu. Maneno FYNGOUD 1 OZ FINE GOLD yanataja dhahabu safi iliyomo tu. Uzito wote pamoja na shaba ni gramu 33.93. Zidisha kwa 22, gawanya kwa 24, utapata 31.10. Sarafu ya aina hii yenye uzito wa gramu 31.1 kamili ndiyo ya kutiliwa shaka.

Uzito peke yake hautoshi, kwa hiyo pima na ukubwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana na unene. Upana ni karibu milimita 32.7 na unene karibu 2.8. Risasi au shaba iliyopakwa dhahabu ikitimiza uzito huo, lazima iwe nene au pana kupita kiasi. Kisha ipime ndani ya maji. Chukua mizani inayosoma hadi gramu 0.01, weka juu yake glasi ya maji, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote ikiwa imening'inia, isiguse chini wala pembeni. Mizani isome kati ya 1.92 na 1.96. Ukigawa 33.93 kwa namba hiyo utapata karibu 17.5, yaani sarafu ni nzito mara 17.5 kuliko maji ya ujazo uleule. Watu hukosea kwa kuacha mapovu yaking'ang'ania kwenye meno ya ukingo, kutumia uzi mnene, au kupimia penye upepo. Mizani inayosoma hadi 0.1 tu haifai hapa: itakwambia 1.9 au 2.0, na majibu hayo yanatofautiana mno.

Sumaku haikusaidii sana, maana shaba na risasi nazo hazivutwi. Mashine ya mionzi husoma ngozi ya juu tu, hivyo sarafu iliyopakwa dhahabu nene inaweza kuihadaa. Mtu akitaka kuikwangua kwenye jiwe na kuitia tindikali, mkatalie kwanza: alama ile haifutiki.

Kuhusu babu, Tanganyika iliacha kupeleka vijana Wenela wakati wa uhuru, na sarafu hizi zilianza baadaye. Kwa hiyo ya mwaka 1974 haikuwa ujira wake wa mgodini. Hilo haliifanyi kuwa bandia. Waulizeni wazee ilivyofika nyumbani.

Ukiamua kuuza, dai hesabu ya gramu 31.10 za dhahabu safi. Mnunuzi akiihesabu kama karati 18 atakulipa gramu 25.4 tu, na wewe utakuwa umepoteza zaidi ya gramu 5 na nusu. Usitafute thamani iliyoandikwa juu yake, haipo. Iliundwa hivyo makusudi, bei yake ipande na kushuka na dhahabu.

Hapa kwetu inasemwa kwamba sarafu ya Mjerumani yenye tembo ilitengenezwa kwa dhahabu ya Lupa, machimbo ya huku Chunya. Ni kweli?
*Msomaji, Makongolosi*

Hapana, ingawa tungependa iwe hivyo. Sarafu ya rupia 15 ilitengenezwa mwaka 1916 katika karakana ya reli Tabora, Wajerumani walipozingirwa baharini na fedha kuwaishia. Dhahabu ilitoka Sekenke, upande wa Singida. Watu walimiminika Lupa kuchimba miaka ya 1920, vita vikiwa vimekwisha.

Hata hivyo, si ajabu kuisikia huku kwetu. Tabora ilipoanguka Septemba 1916, kikosi cha Jenerali Wahle wa Wajerumani kilirudi nyuma kikapitia Iringa na Lupembe.

Kwa umbo, tunaona ni sarafu nzuri kuliko zote zilizowahi kutengenezwa katika nchi hii: tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima Kilimanjaro, chini mwaka na herufi T ya Tabora. Upande wa pili ni tai wa Kaizari. Zilitoka 16,198 tu, za aina mbili. Tazama nakshi iliyo upande wa tai: ncha yake ya kulia ikiishia chini ya herufi A ya kwanza ya neno OSTAFRIKA, ni kati ya zile 6,395, ikiishia chini ya T, ni kati ya 9,803. Uzito ni gramu 7.17, na dhahabu ni mafungu 750 kwa 1,000, yaani gramu 5.4 hivi. Zilitengenezwa kwa haraka, kwa hiyo chapa iliyofifia kidogo isikutishe. Ogopa vijishimo na vipele kwenye sehemu tambarare, kwani hiyo ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu. Za kweli ziligongwa.

Ukiipeleka soko la madini Chunya utalipwa hizo gramu 5.4. Mkusanyaji hulipa zaidi ya hapo kwa mbali, kwa hiyo isiyeyushwe kamwe.

Nina sarafu ya dhahabu ya shilingi 1,500 yenye sura ya Mwalimu na duma, mwaka 1974. Ni sawa na Krugerrand?
*Msomaji, Iringa Mjini*

Zinakaribiana uzito, na hapo ndipo watu huchanganya. Yako ina gramu 33.44 na dhahabu asilimia 90, yaani gramu 30.1 safi. Ilitolewa kwa ajili ya uhifadhi wa wanyamapori.

Niisafishe sarafu ya dhahabu kwa majivu na limau?
*Msomaji, Makambako*

Usifanye hivyo. Majivu hukwaruza, na mkusanyaji akiona mikwaruzo hushusha bei papo hapo. Vidoa vyekundu kwenye karati 22 ni shaba inayobadilika, viache. Kama ni jasho au mafuta, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya maji, suuza, kisha gandamiza kwa kitambaa laini bila kusugua. Ishike ukingoni, na usiihifadhi kwenye mfuko laini wa plastiki unaonuka; plastiki ya namna hiyo huacha utando wa kijani unaonata.