"Konekta dume 50 za 2.5": muuzaji hakukutapeli, majina ndiyo yamewagonganisha

Mkuu mleta uzi, kwa faida ya wanaoingia sasa: jamaa anafunga relei za taa (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa) kwenye Noah yake, akaagiza kwa simu "konekta dume 50 za 2.5". Zimefika plastiki nyeupe ndogo zenye matundu manne manne, tupu, hazina chuma hata kimoja, na muuzaji anashikilia kwamba ametuma alichoombwa. Waliochangia hapo juu wanasema tapeli. Mimi nafunga waya za magari na sola mwaka wa 14 huu, na nasema si tapeli. Kila neno kwenye oda yako lina maana mbili, na kila mara muuzaji alichukua ile nyingine.

Tuanze na konekta. Kuna chuma na kuna nyumba. Chuma ndicho kinachopitisha umeme, ndicho unachokibana kwenye waya. Nyumba ni plastiki inayovishikilia hivyo vyuma visigusane. Ukinunua rejareja mtaani unapewa vyote pamoja, ndiyo maana tumezoea kuviita konekta kwa jumla. Kwa wanaouza vifaa vya elektroniki, nyumba ina bei yake na chuma kina bei yake, na ukisema konekta bila kufafanua unapewa plastiki. Lilinikuta hata mimi.

Halafu 2.5. Wewe ulimaanisha waya wa 2.5, yaani milimita za mraba, eneo la shaba ukiukata waya (si unene wake, waya mmoja mzima wa 2.5 ukiupima kwa kalipa una kama milimita 1.8). Muuzaji wa elektroniki akisikia 2.5 anafikiria umbali kutoka tundu hadi tundu. Kwa maelezo yako hizo zinafanana kabisa na JST za XH, ambazo matundu yake yamepishana milimita 2.5. Zile zinabeba ampea 3, na chuma chake kinameza waya mwembamba kama unywele wa mbuzi. Kwenye taa za Noah usijaribu hata kwa bahati mbaya. Na tukiwa hapo hapo: JST si aina ya konekta, ni kampuni ya Kijapani, na ina familia nyingi. XH ni 2.5, PH ni 2.0, haziingiliani. Kusema "nipe JST" ni sawa na kwenda Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Dar, ukasema "nipe spea ya Toyota".

Dume na jike ndipo kwenye ugomvi mkubwa. Kanuni ninayofuata ni kuangalia chuma, siyo plastiki. Chuma kinachochomoza ni dume, chenye tundu au mdomo wa kupokea ni jike. Relei yako ina miguu bapa inayochomoza, kwa hiyo dume tayari unalo kwenye relei. Waya wako unahitaji jike, mkuu. Uliomba dume kwa sababu uliona ile plastiki ya waya ndiyo "inayoingia".

Usijisikie vibaya. Konekta za sola, MC4, zimewaliza wengi, kwa sababu plastiki yake inasema uongo. Ile iliyochongoka yenye vidole viwili vya kubonyeza, ambayo kila mtu angeiita dume, ndani yake kuna chuma cha kike. Ile pana kama kikombe ndiyo dume, pini ya milimita 4 imejificha ndani. Niliwahi kuagiza matawi ya Y ya kuunganisha paneli sambamba. Unahitaji aina mbili, moja ya upande chanya na moja ya hasi. Mimi nikayataja kwa plastiki, dukani wakayasoma kwa chuma, nikaletewa mawili yaleyale. Nikiwa juu ya paa, saa kumi jioni, duka liko mkoa mwingine. Tangu siku hiyo natuma picha.

Sasa unachohitaji. Mtaani kinaitwa tamino ya relei. (Tamino nalo ni neno balaa: kwa fundi wa majumbani ni pale penye skrubu, kwa mwenye gari ni vichwa vya betri.) Ni jike bapa la 6.3, upana wa ule mguu kwa milimita. Ukikuta wameandika 250, wasikuchanganye, si ampea wala idadi. Ni upana huo huo, ila kwa sehemu za elfu moja za inchi. Kuna 4.8 na 2.8 pia, kwa hiyo pima kwanza.

Kichukue kimoja ukigeuze. Nyuma kina masikio manne. Jozi ya mbele inauma shaba, jozi ya nyuma inakumbatia ganda la waya ili mtikisiko usikate nyuzi. Chini kuna kaulimi kamenyanyuka kidogo, ndiko kanakonasa ndani ya nyumba. Ukisukuma vizuri unasikia "tik". Kakilala, chuma kitarudi nyuma siku ukichomeka relei, na utatafuta hitilafu hiyo mpaka usiku.

Bana kwa koleo lake maalumu, si plaizi. Koleo linayakunja masikio yakazama katikati ya nyuzi kama herufi B, shaba ikabanwa mpaka hewa haipenyi. Plaizi inayalaza tu. Canter moja nilirudishiwa taa zinafifia, nyumba ya relei imeyeyuka upande mmoja. Kosa langu: nilivua ganda fupi, masikio yote manne yakauma plastiki, umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi mbili tatu. Na usipake solda kwenye ncha kabla ya kubana au kufunga skrubu. Solda inasogea taratibu ikigandamizwa, baada ya muda pamelegea.

Tamino zile zenye kola ya plastiki ya rangi, nyekundu ni ya waya 0.5 hadi 1.5, bluu 1.5 hadi 2.5, njano 4 hadi 6. Rangi inataja waya, haitaji tundu la bolti. Lagi za betri (vile vichwa vyenye tundu vya kufungia kebo nene kwenye bolti) zinataja vyote: 16-8 ni kebo ya 16, bolti ya milimita 8.

Kwa hiyo mwandikie hivi: "Chuma cha kike, bapa 6.3, cha masikio, waya 1.5 hadi 2.5, vipande 50, pamoja na nyumba za relei ya miguu..." hapo sijui kama yako ni ya minne au mitano. Ipige picha upande wa miguu, rula ikiwa pembeni, uiweke hapa.