Barua kwa Mwanangu Aliye Houston: Saini ni ya Nani?

Mwanangu Zawadi,

Marahaba, mama. Ujumbe wako alinisomea mdogo wako, nikaona anaruka maneno, nikamnyang'anya simu nikausoma mwenyewe. Umeniuliza jambo moja tu. Miaka yako mitano ya kadi ya ukaazi inatimia, na mtihani wa leseni ya uwakala wa forodha wa Marekani hafanyi asiyekuwa raia wao. Je, uchukue uraia ufanye mtihani, au ubaki Mtanzania uendelee kuandaa matamko ya forodha ya mizigo chini ya leseni ya mwenzako?

La uraia nitalifikia. Kwanza nikuulize mimi: hayo matamko unayoyaandaa yanatoka kwa jina la nani?

Najua, umeshanieleza. Mwenye leseni anawasimamia, na sheria yao inamtaka asimamie kwelikweli, si kuazimisha jina lake. Ni sheria nzuri, sina neno nayo. Lakini wewe ndiye unayekaa na ankara na hati ya shehena unatafuta tarakimu kumi za namba ya ushuru ya kila bidhaa (sisi huku zinatutosha nane). Wewe ndiye uliyekuwa unatoka ofisini usiku tangu Agosti 2025, walipofuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800. Na kila kinachotoka hapo kinamtaja mtu mwingine. Karatasi inamjua aliyeitia saini, haimjui aliyeiandika. Mama yako ameuchoka msemo huu, wewe na kaka yako mmeuchoka, nami nausema tena kwa sababu nimeulipia.

Mwaka 1999 nilikuwa Nakonde, mpakani upande wa Zambia, nikitoa mizigo ya wateja forodhani, wewe uko darasa la pili. Mnakumbuka zile barua nilizowapa madereva na mchele wa Kyela niliokuwa nawatumia. Ambalo sijawahi kuwaeleza sawasawa ni habari ya kinu.

Mteja wetu alikuwa mtu wa Copperbelt, kule kwenye migodi ya shaba ya Zambia, ameagiza kinu kizima cha kusaga mahindi. Kilishuka bandari ya Dar es Salaam katika makontena matatu ya futi 40, kimefunguliwa vipande: roli za kusagia, machekeche, mota za umeme, mikanda ya kupandishia nafaka, nguzo za chuma za kusimamishia mtambo, na maboksi ya bolti. Tukakipeleka kwa transiti, lakiri haijaguswa, mpaka mpakani. Malori mawili yakafika. La tatu likavunjika ekseli Makambako.

Afisa wa zamu alikuwa kijana mkimya, msomaji, mtu wa haki. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi wakisikia habari za mpakani hukimbilia kufikiri rushwa. Huyu hakutaka chochote. Alichukua orodha ya vifungashio akaanza kugawa kama kitabu cha ushuru kilivyomwongoza: mota, kifungu 85.01; nguzo, 73.08; bolti, 73.18; mikanda, 84.28. Kila kipande na ushuru wake. Kwa hesabu yake mteja alikuwa anakwenda kulipa fedha nyingi kupita kama kinu kingehesabiwa kinu, kifungu 84.37.

Nikamfungulia kanuni ya pili ya uainishaji, yaani ya kuamua bidhaa inaingia kifungu gani, sehemu a, unayoijua sasa kuliko mimi: kitu kilichosafirishwa vipande vipande kinahesabiwa kama kitu kizima. Akasoma, akatikisa kichwa. Akaniuliza kitu kizima kiko wapi, mbona yeye anaona malori mawili. Hapo nilikwama kidogo. Kisha nikakumbuka maelezo ya nne ya Sehemu ya XVI ya kitabu kile kile, yale ya mashine zilizo mbalimbali lakini zimekusudiwa kufanya kazi moja inayojulikana. Mpaka leo naona hayo ndiyo yalikuwa na nguvu zaidi. Ingawa usiku mwingine nikilala nawaza kwamba kanuni ya pili peke yake ingetosha, maana hati ya shehena ilikuwa moja kwa makontena yote matatu. Wewe unaonaje? Niandikie.

Maneno hayakumtosha. Akataka kuona. Lakiri zikakatwa mbele yake, nikatandaza mchoro wa kuunganishia mtambo juu ya boneti ya lori, nikauwekea mawe pembeni kwa ajili ya upepo. Kila nguzo ilikuwa na namba imeandikwa kwa rangi nyeupe, na namba hiyo hiyo ilikuwa kwenye mchoro. Utingo wetu akaingia ndani ya kontena na tochi, anaita namba kwa sauti, mimi naonyesha kwa kidole ilipo kwenye mchoro, afisa anaweka alama. Tuliendelea hivyo mpaka madereva wa malori mengine wakaja kusimama kutazama. Nguzo hazikuwa nguzo za nyumba yoyote. Matundu yake yalitobolewa kwa kinu kile tu, na mota zilikuwa na vikalio vyake. Afisa akarudi mezani, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja juu ya 73.08, 85.01 na nyingine zote, akaandika 84.37. Lori la tatu likaja kesho yake likapita kwa uamuzi ule ule.

Mwanangu, nimetoa mizigo mingi baada ya hapo. Hakuna uliowahi kunipa furaha kama ule.

Sasa sikiliza. Leseni haikuwa yangu. Mwenye leseni alikaa Lusaka, karatasi zilimfuata kwa basi, akasaini, zikarudi. Mteja alipopata kinu chake akaandika barua ndefu ya shukrani kwa kampuni, akimsifu huyo bwana kwa umahiri wake wa sheria ya forodha. Mabosi wakampa ofisi mpya ya Ndola aiongoze. Mimi barua ile niliiona imewekwa kwenye fremu ukutani nilipokwenda Dar kufuata mshahara. Niliisoma nimesimama, kofia mkononi, nikitafuta jina langu. Halikuwepo hata kwenye nakala.

Mama yako huniambia nimsamehe, na kwa kweli yule bwana hakuniibia. Angekosea mtu, leseni ambayo ingefutwa ni yake, na faini ingemfuata yeye. Aliyebeba hatari ana haki yake. Hilo nalikubali. Lakini hakuwahi kuiona hata nguzo moja ya kinu kile, na aliposifiwa hakusema neno. Hilo silikubali, na miaka imepita na bado silikubali. Ndiyo sababu niliporudi nilikula mihogo mpaka tukapata leseni yetu na ile ofisi ya Kurasini, ambayo wewe ulijifunzia kupiga mihuri.

Kwa hiyo ukiniuliza kama uendelee chini ya saini ya mtu, jibu unalo. Lakini wewe hukuniuliza hilo.

Uraia ni kitu kingine. Shoga yako wa Mombasa asikudanganye kwa wepesi wake. Wakenya katiba yao ya 2010 inawaruhusu uraia wa nchi mbili. Kwetu, kwa sheria ya uraia ya 1995, mtu mzima akichukua wa kwingine kwa hiari yake, huu wa huku umemtoka. Wameleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, lakini hadhi maalumu siyo uraia. Na kiwanja cha Kigamboni kiko kwa jina lako. Kabla hujajaza fomu yoyote, mwone mwanasheria wa ardhi akueleze kinakuwa cha nani siku utakapokuwa mgeni kwenye nchi uliyozaliwa. Na kile kiapo cha uraia wao, nimekisoma. Kinakutaka ukane utii kwa dola nyingine yoyote. Babu yako alikuwa kwenye umati Uwanja wa Taifa usiku bendera ya Mwingereza inashuka, Desemba 1961. Silisemi hili kukufunga. Labda nalisema kukufunga, sijui.

Ipo njia nyingine. Rudi, chukua kile cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, ujuzi wako wa Houston hautapotea. Mizigo ya Congo na Zambia inapita hapa kila siku. Lakini nani nimdanganye? Huko umejijenga, wateja wanakupigia wewe simu wakimruka mwenye leseni, na mtihani wenyewe, maswali 80 kwa saa nne na nusu, unatakiwa upate 60, wengi huanguka na wewe hutaanguka. Ningekuwa na umri wako, nikiwa nimesimama pale mbele ya fremu ile... Basi, naishia hapo. Atakayeinua mkono mbele yao ni wewe, siyo mimi.

Uliniambia mitihani iliyopita huwa wanaiweka wazi pamoja na majibu. Nitumie maswali ya uainishaji, majibu yaache kwanza. Na muulize mwajiri wako kama atalipa ile ada ya mtihani ya dola 390, maana leseni yako itamfaa na yeye.

Mama yako anasema usiamue lolote kabla hujaongea naye Jumapili. Ana msimamo wake, na amenikataza kuuandika humu.

Baba yako