Selo ya Bei Nafuu: Maswali Yenu Kabla ya Kulipa

Wengi mmeuliza kuhusu selo za bei nafuu za wanafunzi, ile fidla kubwa inayopigwa kwa upinde mtu akiwa ameketi. Nimeyafupisha maswali, na yanayofanana nimeyaunganisha.

Mwalimu, shikamoo. Nimeona selo mpya inayouzwa pamoja na upinde, begi na rosini (utomvu mgumu wa kupaka nywele za upinde), kwa chini ya nusu ya bei ya ile aliyotupendekezea mwalimu wa mwanangu. Si aanzie hiyo, nzuri tutanunua baadaye?

Marahaba. Bei hiyo bado haijaisha. Selo za namna hiyo mara nyingi hutoka kiwandani hazijamaliziwa: daraja, kile kipande cha mbao kinachoinua nyuzi, ni nene na miguu yake haikuchongwa kufuata umbo la kifua (ubao wa mbele), vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza, nyuzi ni ngumu na haziimbi. Muulize fundi wa ala za nyuzi atadai kiasi gani kuchonga daraja, kusawazisha ubao wa vidole, kurekebisha vigingi na kufunga nyuzi mpya. Nyuzi nne za wastani peke yake hula sehemu kubwa ya bei ya selo rahisi. Jumlisha, ndipo ulinganishe na ile ya mwalimu. Mara nyingi tofauti hubaki ndogo, na pengine ile ya rahisi ndiyo hugeuka ghali.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa kwenye risiti. Mtu mzima akipewa selo mbovu huilalamikia selo. Mtoto hujilaumu mwenyewe, akaamini hana kipaji. Kama pesa haitoshi, kodisha iliyo nzuri. Selo za watoto huenda kwa ukubwa, 1/4, 1/2, 3/4 hadi 4/4 (ukubwa kamili), na anayekua atapitia zaidi ya moja, kwa hiyo kukodisha si aibu hata kwa mwenye pesa.

Nyuzi zangu ziko juu sana na vidole vinauma. Si kawaida kwa anayeanza?

Vidole kuuma kidogo, sawa. Kupigana na uzi, hapana. Chukua rula ndogo upime pale ubao wa vidole unapoishia upande wa daraja, kuanzia ubao hadi chini ya uzi. Kwa selo ya 4/4 yenye nyuzi za chuma, uzi wa A (mwembamba kuliko wote) uwe karibu milimita 5 na wa C (mnene kuliko wote) karibu 8. Ikizidi hapo kwa milimita kadhaa, kuna sababu, na sababu hiyo ndiyo inayokuambia kama selo ina thamani au haina.

Sababu nyepesi ni daraja refu. Fundi hulipunguza na kazi ikaisha. Nyepesi pia ni kile kizingiti kidogo kilicho juu kabisa, karibu na vigingi, kuachwa na mifereji isiyochongwa vya kutosha. Dalili yake ni kwamba noti za mwanzo, zile za karibu na vigingi, ndizo zinazokutesa zaidi.

Sababu nzito ni shingo iliyolala. Funga jicho moja, utazame kwa kuambaa na ubao wa vidole kuelekea darajani. Kwenye selo ya 4/4 iliyo sawa, mstari wa ubao ukiendelezwa hulikuta daraja takriban milimita 80 juu ya kifua. Ukilikuta chini sana ya hapo, shingo imelala. Muuzaji atakuambia daraja likatwe. Likikatwa nyuzi zitashuka, ndiyo, lakini mkandamizo wa nyuzi juu ya kifua utapungua na sauti itafifia. Kurudisha shingo mahali pake ni kazi kubwa, na kwa selo rahisi gharama yake inaweza kuzidi bei ya selo yenyewe.

Usihukumu kwa kipimo cha siku moja, lakini. Unyevunyevu huvimbisha mbao na kupandisha nyuzi, ukavu huzishusha. Wapo wapigaji wenye madaraja mawili, moja la majira ya unyevu na moja la ukavu.

Nitajuaje kama ni mbao iliyochongwa au plaiwudi?

Chungulia ukingo wa yale matundu mawili yenye umbo la herufi f. Ukiona tabaka zimepangana, ni plaiwudi. Kifua cha mbao nzima huonyesha mistari ya nyuzinyuzi za sprusi (mti wa jamii ya misonobari) ikishuka kutoka juu hadi ndani ya ukingo. Tazama pia ule mstari mweusi unaozunguka pembezoni. Kwenye selo nyingi za rahisi umechorwa tu kwa rangi; ukichomekwa kweli ndani ya mbao, husaidia kuzuia ufa wa pembeni usiingie katikati.

Mimi siidharau plaiwudi. Sauti yake ni finyu, lakini huvumilia kugongwa mlangoni na kubadilika kwa hewa. Nitachukua ya plaiwudi iliyorekebishwa vizuri kabla ya ile ya kuchongwa isiyochezeka. Ninachokichukia ni ubao wa vidole wa mti laini uliopakwa rangi nyeusi na kudaiwa kuwa eboni, ule mti mgumu mweusi. Rangi hubanduka, nyuzi huchimba mifereji, na uzi unaanza kuvuma vibaya kwenye kila mfereji.

Selo ya marehemu babu ina karatasi ndani iliyoandikwa "Antonius Stradivarius Cremonensis". Je, tumepata utajiri?

Hapana. Antonio Stradivari, fundi mashuhuri wa fidla na selo wa Cremona, Italia, alifariki mwaka 1737, na karatasi za jina lake zilibandikwa na viwanda ndani ya maelfu ya ala, hasa za Ujerumani. Ikiwa imeandikwa pia jina la nchi kwa Kiingereza, huenda ni ya baada ya 1890, kwani sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka huo ilidai bidhaa za nje zionyeshe zilikotoka. Hata hivyo msiitupe. Selo nzee ya karakana, yenye mbao zilizokauka vizuri, inaweza kuwa bora kuliko mpya nyingi. Mpelekeeni fundi aikague hali yake, karatasi aiache.

Iliyotumika ina mstari kama ufa. Muuzaji anasema ni gundi tu imeachia.

Inawezekana anasema kweli. Gundi ya ngozi inayounganisha kifua, mbavu na mgongo huwekwa dhaifu kwa makusudi, ili iachie kabla mbao haijapasuka. Gonga taratibu kwa kifundo cha kidole kuzunguka kingo. Penye mwanya utasikia mlio wa kuchakacha. Kubandika tena ni kazi ndogo.

Ufa wa mbao ni habari nyingine, na mahali ulipo ndipo penye hoja. Chini ya mguu wa daraja upande wa uzi wa A, ndani kidogo nyuma yake, imesimama nguzo ya sauti, kijiti cha sprusi kisichogundishwa, kinachoshikiliwa na mkazo tu. Ufa ukipita hapo, achana na selo hiyo. Na nguzo ikianguka, legeza nyuzi pole pole, usiicheze mpaka fundi airudishe, la sivyo kifua kinaweza kuzama.

Noti moja, karibu na F, inanguruma na kutetemeka. Nimeuziwa mbovu?

La. Hata selo za gharama kubwa zina noti kama hiyo. Kuna kibomba kidogo cha shaba chenye mpira ndani, hufungwa kwenye uzi, upande wa chini kupita daraja; fundi atakisogeza mpaka ngurumo itulie.

Na upinde unaokuja nayo?

Ndio wa kwanza kubadilishwa. Tazama kwa kuambaa na fimbo: isipinde kushoto wala kulia, na hata nywele zikikazwa ibaki imebonyea kuelekea kwenye nywele. Wa selo huwa na uzito wa karibu gramu 80. Wa kaboni wa bei ya wastani humfaa mwanafunzi kuliko wa mbao wa rahisi.

Siwezi kupiga selo. Nitaijaribuje dukani?

Nenda na anayeweza, usimame mbali kiasi, usikilize kama nyuzi zote nne zinatoka kwa nguvu inayokaribiana. Uzi wa C ndio hufifia kwanza kwenye selo dhaifu. Mwambie aityuni kwa vigingi, aicheze kwa robo saa, kisha aangalie kama imeshikilia. Omba pia ruhusa ya kuipeleka kwa fundi wako kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, tafuta duka jingine.