Kwa mnaoanza kusoma wasafiri wa mataifa yasiyo na makoloni

Wiki hii nimesoma rasimu tatu za sura ya kwanza, na zote zimebeba sentensi ileile: mwandishi huyu hakutoka katika taifa lenye makoloni, kwa hiyo ushahidi wake hauna upande. Wadogo zangu, nawapenda kweli, lakini sentensi hiyo ifuteni leo kabla hamjalala. Nilishaiandika mimi, na iliniumiza.

1. Angalieni tarehe kabla ya uraia. Teleki, kabaila wa Hungaria, na von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria-Hungaria aliyeandika kitabu cha msafara wao, waliondoka Pangani kwenda bara mapema 1887. Miezi michache nyuma, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimeshachora mstari wa kugawana Afrika Mashariki, kutoka mto Umba hadi Ziwa Viktoria. Na Austria-Hungaria yenyewe ilikuwa imeikalia Bosnia tangu 1878.

2. Someni kurasa za posho. Hapa ndipo nilipoanguka. Katika tasnifu yangu niliyakusanya maelezo yote makali ya von Höhnel kuhusu Wakikuyu, nikayafanya kipimo, eti kwa kuwa hakuwa na koloni la kutetea. Nikayachapa, nikayapeleka hadi Murang'a. Mzee mmoja alinikaribisha, akanipa kigoda na uji. Nikamtangulizia kwamba huyu si Mwingereza wala Mjerumani, hana sababu ya kusema uongo. Nikamsomea hadi mwisho. Akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Mwanangu, msafara wa mamia ya watu ulikuwa unakula nini?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwamo katika kitabu kilekile, kwenye kurasa nilizoziruka kwa kuziona ni za mizigo na chakula tu: mapigano, mifugo iliyotekwa, vijiji vilivyochomwa moto. Nilichukua hasira ya watu waliokuwa wakilinda mbuzi wao, nikaiandika kuwa ndiyo tabia yao. Halafu nikaenda kuwasomea wajukuu zao, uji wao ukiwa mkononi. Yule mzee hakunikemea. Alinisindikiza hadi barabarani, na ningependa angenikemea. Miezi kadhaa baadaye, siku ya utetezi, mtahini aliuliza swali lilelile kwa maneno mengine. Sura nzima niliiandika upya, na hadi leo nikiona neno "wakorofi" katika rasimu ya mwanafunzi, natafuta kwanza ng'ombe wamekwenda wapi.

3. Kila msafara ulikuwa na mtu wa pwani aliyejua njia, hongo (ushuru wa kupita katika nchi za watu) na bei ya shanga. Kwa Teleki ni Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe aliyekuwa ameshatembea bara kabla yao. Kama hayumo katika faharasa yenu, faharasa haijaisha.

4. Andikeni majina yote ya mahali. Tarehe 6 Machi 1888 walifika kwenye ziwa, wakaliita Rudolf, kwa heshima ya mrithi wa kiti cha enzi huko Vienna. Lakini hawakulikuta halina jina! Von Höhnel mwenyewe ameandika kwamba walikuwa wakilitafuta Basso Narok, na narok kwa Kimaa ni nyeusi. Jina la Rudolf lilikaa kwenye ramani mpaka 1975, lilipokuja Turkana. Ninyi mnaandika "waligundua" kana kwamba hamjawahi kuonana na Mturkana.

5. Fuateni kitabu kilikokwenda. Hiki cha von Höhnel kilitoka kwa Kiingereza London 1894; mwaka uliofuata Uingereza ikatangaza himaya yake Afrika Mashariki.

Rasimu nazingoja Jumatatu. Wewe unayeandika kuhusu Holub, daktari wa Kicheki aliyefika kwenye almasi za Kimberley 1872, niletee kwanza kurasa za machimboni. Nataka kujua nani alikuwa shimoni na sururu, na nani alikuwa na pesa ya kumlipa daktari.