Uliza Ujibiwe: Ana chonge za kifutu, lakini si kifutu

SWALI: Shikamoo mzee. Kitabu cha zamani ninachofundishia biolojia kinamweka Atractaspis, yule nyoka mdogo mweusi anayeishi udongoni, katika familia moja na kifutu. Kitabu kipya kinakataa. Niwafundishe wanafunzi lipi? Na je, naweza kumshika nyuma ya kichwa, kama washikavyo nyoka wengine, ili wamwone vizuri?
*Mwalimu wa kidato cha tatu*

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na hilo la pili, maana familia haikimbii: usimshike kabisa.

Ninaye mmoja kwenye chupa ya spiriti. Ukimfumbua mdomo kwa kibanio unakuta chonge mbili zilizolala kuelekea kooni, ndefu mno kwa kichwa kidogo vile. Akiwa hai hana haja ya kuachama. Huichomoza chonge moja pembeni mwa taya, mdomo ukiwa karibu umefungwa, kisha huchoma kwa kukivuta kichwa nyuma na chini. Shimo la panya ni jembamba, na humo ndimo anamoulia vichanga vyao. Sasa wewe uliyembana shingo, vidole vyako viko pale pale chonge inapopita. Ndiyo maana huwauma sana watu wanaojiona mafundi wa kushika nyoka. Wengine ni waliolala sakafuni wakamgeukia usingizini. Kidole huvimba kwa maumivu makali, nyama yaweza kuoza mpaka kikatwe, na dawa ya kuzuia sumu yake hakuna. Spishi ya Israel, Atractaspis engaddensis, ina sarafotoksini, kiprotini cha asidi amino 21 tu kinachobana mishipa ya damu ya moyo. Hapo kidole ndiyo shida ndogo.

Tuje kwenye ukoo. Andrew Smith aliipa jenasi hii jina mwaka 1849, na kwa muda mrefu wataalamu waliihesabu kwa vifutu kwa sababu ya chonge ndefu za mbele zinazolala na kusimama. Siwalaumu, ukitazama meno peke yake utasema hivyo hivyo. Mwaka 1968 Bourgeois alilinganisha mafuvu, akaona la huyu liko karibu na la Aparallactus, nyoka mwembamba mla tandu ambaye kwa kawaida chonge zake ziko nyuma ya mdomo. Vipimo vya DNA vikaja kumuunga mkono: Atractaspis yuko karibu zaidi na fira kuliko kifutu. Chonge zake zilijitokeza kivyake.

Wapo wanaompa familia yake, Atractaspididae, na wapo wanaoishusha iwe nusufamilia ndani ya Lamprophiidae. Kwangu huo ni ubishi wa ngazi, ndugu zake ni wale wale. Darasani andika Atractaspididae, kisha wachoree mafuvu matatu ubaoni: la kifutu, la Aparallactus na la huyu. Meno yafute, uwaulize nani ni ndugu wa nani.