Jikoni kwa Shangazi: Tonge Linaloenea Kiganja cha Mtoto

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtoto mdogo anayeshinda nyumbani apewe nini mchana, na apewe nini kati ya mlo na mlo, ili ale kwa furaha bila kumlazimu mzazi kushinda jikoni au kununua vitu vya gharama. Nimechagua barua nne.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka mitatu, ninaishi Mbagala, Dar es Salaam. Ninatoka nyumbani alfajiri na kumwacha mtoto na dada wa kazi. Mchana hupikiwa ugali na mboga, lakini hula matonge mawili tu, kisha hulilia biskuti, na dada humnunulia ili anyamaze. Katika simu ninaona akina mama wakiwakatia watoto mikate kwa maumbo ya nyota na wanyama, ila mimi sina vifaa hivyo. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Vifaa hivyo huvihitaji. Mtoto wa miaka mitatu hufurahia zaidi chakula anachoweza kukishika mwenyewe, kukichovya, kukifungua aone kilichomo ndani, na kukimaliza kwa kung'ata mara mbili au tatu. Umbo la nyota humpendeza siku moja. Uhuru wa kujilisha kwa mkono wake humpendeza kila siku. Kwa hiyo endelea na chakula kilekile cha nyumbani, ila ukipunguze ukubwa.

Kabla ya kubadilisha mapishi, muulize dada biskuti hutolewa saa ngapi. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo, na akila biskuti na juisi ya pakiti saa tano, matonge mawili ya saa saba ndiyo yote anayoyaweza. Jambo linalosaidia kuliko mapishi yoyote ni ratiba: uji asubuhi, kitafunwa kidogo saa nne, chakula cha mchana saa saba, kitafunwa kingine saa kumi, na chakula cha jioni. Kati ya nyakati hizo apewe maji tu. Atalia siku za mwanzo, na dada anapaswa kujua kwamba kilio hicho umekitarajia na hutamlaumu kwa ajili yake, maana mara nyingi msichana wa kazi hununua biskuti kwa kuogopa kwamba mtoto akisikika analia, yeye ndiye atakayeulizwa. Mwachie ndizi mbivu, mayai mabichi atakayoyachemsha mwenyewe, parachichi na papai, umwonyeshe namna ya kuvikata, na umweleze kwamba hivyo ndivyo vitafunwa vya mtoto.

Sasa tuje kwenye sahani yenyewe. Ugali ukiwa bado wa moto wa kuvumilika, dada afinyange matonge madogo, ayabonyeze katikati kwa kidole gumba, atie ndani maharage yaliyopondwa au samaki aliyechambuliwa miiba kwa makini, kisha ayafunge. Matonge manne ya namna hiyo huwa mlo kamili, na mtoto hupenda kuyapasua ili aone kuna nini. Siku ya wali, paka mafuta kidogo kikombe cha kahawa, shindilia wali ndani yake, kigeuze juu ya sahani, na kuzunguka kilima hicho mwaga mchuzi wa njegere au wa kunde. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vile vinavyoitwa viazi lishe, vikichemshwa na kukatwa virefu kama vidole, hushikika vizuri na vina utajiri wa vitamini A. Siyasemi haya kwa kufuata mtindo: mwaka 2016 watafiti watatu walioshughulikia viazi hivi, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda, walikuwa miongoni mwa washindi wanne wa Tuzo ya Chakula ya Dunia, kwa sababu kiazi hiki cha kawaida kimewasaidia watoto wengi wa Afrika.

Kwa kuwa wewe huondoka alfajiri, ninakusihi jambo moja: usipike wali au samaki wa mchana kabla ya kutoka na kuuacha mezani hadi saa saba. Chakula kilichopikwa kisizidi saa mbili nje ya jokofu, na joto linapopita nyuzi 32, jambo la kawaida Dar es Salaam mwezi Januari na Februari, muda huo hupungua kuwa saa moja. Wali una hatari yake, kwa sababu wapo vijidudu ambao mbegu zao hustahimili mchemko na kuamka wali unapokaa katika uvuguvugu. Ikiwa huna jokofu, mwachie dada maharage yaliyochaguliwa na kurowekwa usiku, mboga zilizooshwa na mayai mabichi, apike mwenyewe karibu na saa ya kula.

*Salaam Shangazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, wa miaka minne na sita, hapa Tanga. Mke wangu ni muuguzi na huingia kazini kwa zamu, nami wakati wa likizo ya shule ndiye ninayebaki na watoto. Ningependa tupike pamoja chakula cha mchana badala ya wao kukaa mbele ya televisheni wakinisubiri. Tuanzie wapi?*

Salaam, baba. Nimeisoma barua yako kwa furaha kubwa, kwa sababu mtoto aliyeosha mchicha kwa mikono yake na kuuona ukigeuka kuwa chapati huionja chapati hiyo hata kama mchicha wenyewe huukataa akiuona sahanini.

Anzeni na chapati za maji, ambazo hazihitaji kukanda wala kusukuma. Chukua vikombe viwili vya unga wa ngano, mayai mawili, robo kijiko cha chai cha chumvi, na maziwa au maji yapata vikombe viwili na nusu, ukiyamimina kidogo kidogo hadi uji uwe mwepesi wa kutiririka kutoka kwenye upawa. Ugawe katika mabakuli matatu. Katika bakuli la kwanza tia mchicha uliochemshwa dakika mbili, ukakamuliwa na kutwangwa kwenye kinu. Katika la pili tia karoti iliyokunwa laini. La tatu libaki jeupe. Uache utulie dakika 20, kisha pika kwenye kikaango kilichopakwa mafuta kidogo. Zikiiva utakuwa na chapati za kijani, za rangi ya chungwa na nyeupe, na hapo watoto wataanza kuchagua, kubadilishana na kuzipanga.

Mgawo wa kazi uende na umri. Wa miaka minne anaweza kuosha mboga, kuvunja yai ndani ya bakuli la pembeni (ganda likiingia mtaliondoa bila haraka) na kukoroga. Wa miaka sita apime unga kwa kikombe, ahesabu vijiko, na apake vijazio juu ya chapati zilizopoa. Kisu na moto vibaki mikononi mwako. Kama mnatumia jiko la mkaa lililo chini, hilo nalisisitiza: chora mstari wa chaki sakafuni, hatua mbili kubwa kutoka kwenye jiko hilo, na watoto wasiuvuke kwa sababu yoyote, hata kama ni kuja kukupa kijiko.

Vijazio ndivyo vinavyoifanya chapati kuwa chakula cha mchana badala ya kitafunwa. Ponda maharage yaliyoungwa kwa tui la nazi hadi yawe mazito, uyapake juu ya chapati, uikunje mviringo na kuikata vipande vya urefu wa kidole. Siku nyingine tumieni parachichi lililopondwa na kukamuliwa limau, au mayai ya kukaanga yaliyochanganywa na nyanya na kitunguu. Waganda hukunja mayai ndani ya chapati ya kusukuma na kuiita roleksi, na sijapata kumwona mtoto aliyeikataa. Dagaa waliotolewa vichwa, wakaoshwa, wakakaangwa bila mafuta na kutwangwa wakawa unga hunyunyizwa kijiko kimoja juu ya kijazio chochote, nao huongeza protini, kalisi na madini ya chuma bila mtoto kuulizia macho ya samaki.

Kwa kuwa mko pwani, siku moja watengenezeeni ngalawa. Kata tango kwa urefu, toa mbegu kwa kijiko, jaza samaki wa kuchemsha aliyechambuliwa na kuchanganywa na kiazi kilichopondwa, limau na giligilani, kisha simamisha tanga la kipande chembamba cha karoti iliyochemshwa. Usitumie vijiti vya meno kuwa mlingoti. Mchanganyiko huohuo wa samaki na kiazi ukibaki, ufinyangeni uwe katlesi ndogo, mzichovye kwenye yai lililopigwa na kuzikaanga kwa mafuta machache, mama naye akitoka zamu akute sehemu yake.

Utaniuliza kuhusu uchafu. Upo, na hauepukiki. Tandika gazeti sakafuni na uwape watoto kitambaa cha kufutia. Kusafisha nako ni sehemu ya kupika, na ni vyema walijue hilo mapema.

*Mwanangu, mimi ni nyanya wa Mombasa ninayemlea mjukuu wa mwaka mmoja na nusu. Wenzake wakubwa wanakula njugu, bisi na mabuyu ya rangi, naye anayataka. Je, nimpe? Na asali?*

Shikamoo, bibi. Usimpe njugu nzima, bisi, korosho, pipi wala mabuyu hadi avuke miaka minne, na hata hapo ale akiwa ameketi, wala si akikimbia. Mabuyu yana hatari kuliko yanavyodhaniwa, kwa kuwa mtoto hunyonya sukari na rangi, akabaki na kokwa ngumu na telezi mdomoni, nayo ikimponyoka huweza kuziba njia ya hewa. Zabibu zikatwe kwa urefu mara nne, soseji zisikatwe miduara, na karoti ipikwe hadi ilainike. Njugu zenyewe zina faida, kwa hiyo zisage laini na uzichanganye kwenye uji au uzipake nyembamba juu ya kipande cha hamri. Mbaazi za nazi zilizoiva na kupondwa ni chakula chake kizuri cha mchana. Asali anaweza kuionja sasa kwa kuwa ameshatimiza mwaka. Aliye chini ya mwaka mmoja haipewi kabisa, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyompooza mtoto mchanga.

Akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe na ukae naye. Akishindwa kukohoa, kulia au kuvuta pumzi, mwinamishe, umpige kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega hadi mara tano. Kilichomkwama kisipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na uvute kwa ndani na juu hadi mara tano, ukirudia kwa zamu huku mtu mwingine akiita msaada. Usitie kidole kooni kutafuta usichokiona. Na hata kikitoka, apelekwe hospitali akaangaliwe.

*Shikamoo Shangazi. Mtoto wangu ana miaka minne, tupo Dodoma. Kliniki wameniambia ana upungufu wa damu na wamempa dawa. Hapendi mboga za majani, na mchana hali bila kikombe cha chai ya rangi. Nimpikie nini atakachokifurahia?*

Marahaba, mwanangu. Tatizo la mwanao wanalo wengi: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 uliwakuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini Tanzania wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo huchangia, lakini chakula kina sehemu yake, na chai ya mchana ndiyo ya kuondoa kwanza, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yaliyo katika maharage na mboga yasifyonzwe mwilini. Badala yake mpe juisi ya ubuyu, tunda mnalolipata kwa wingi hapo Dodoma. Unga wa ubuyu una vitamini C inayosaidia madini hayo kufyonzwa. Koroga kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe cha maji safi, uchuje, utie sukari kidogo sana, na umruhusu akoroge mwenyewe.

Kwa chakula, mkatie maini vipande vidogo, uyakaange na nyanya hadi yaive kabisa, uyaweke ndani ya chapati iliyokunjwa; mara moja kwa wiki inatosha. Siku nyingine mpe choroko, nyama ya kusaga ndani ya katlesi, au dagaa. Mboga za majani ziendelee kuwapo sahanini kwa kiasi cha kijiko kimoja, bila kumshurutisha na bila kumwahidi pipi akimaliza. Mtoto huweza kuhitaji kukiona na kukigusa chakula kipya mara 10 au zaidi kabla ya kukikubali, na kila anapolazimishwa, hesabu hiyo hurudi nyuma. Wewe chagua chakula na saa ya kula. Kiasi atakachokula kiachie tumbo lake.

Ukitaka kumpa uji wa karanga, chambua karanga moja moja na utupe zote zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi, na mahindi nayo vivyo hivyo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Ununuapo unga wa lishe uliochanganywa karanga, muulize muuzaji ulisagwa lini na nafaka zilikaushwaje, na akishindwa kujibu, nunua nafaka uchambue na kusagisha mwenyewe.

Dawa ya kuongeza damu aliyopewa aimalize hata akianza kuchangamka, aimeze mbali na chai na maziwa, na siku mliyopangiwa kurudi kliniki kupima damu isipite.