Mgao wa soko la seva: nilichokiona nikiwa upande wa mnunuzi

Wakuu, kuna aliyeuliza: kama prosesa za seva za AMD zimekuwa mbele tangu 2019, mbona Intel bado inauza nyingi zaidi? Wengine wakamjibu kwamba takwimu zimepikwa. Hazijapikwa. Nina miaka 11 kwenye chumba cha seva hapa Dar, nimeomba manunuzi, nimekataliwa, na hisa za AMD nimewahi kuzishika.

EPYC ya kwanza, prosesa ya seva ya AMD ya 2017, niliijaribu kwa hamu. Viini 32 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba), bei ya kuvutia. Lakini ndani ilikuwa vipande vinne vilivyounganishwa, kila kimoja na njia zake za kumbukumbu, na data ikiwa upande wa jirani lazima isubiriwe. Kanzidata yetu ikawa haitabiriki, mara inakimbia, mara inasuasua. Tukaachana nayo. Agosti 2019 ikaja EPYC ya pili, Rome: viini 64, vilivyotengenezwa na kampuni ya TSMC kwa teknolojia ya nanomita 7, na kipande kimoja cha katikati kinachohudumia kumbukumbu kwa wote. Xeon, prosesa za seva za Intel tulizokuwa tunanunua, ziliishia viini 28. Nikapiga hesabu nikaona seva mbili zitafanya kazi ya tano, nikaamini ndani ya mwaka tutahama.

Hatukuhama. Mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya seva) inayofanya kazi juu ya Intel huwezi kuisogeza kwenda AMD ikiwa hai; sharti uizime kwanza. Sisi tulikuwa nazo mia tatu na ushee, na baadhi ya wateja hawakubali kuzimiwa hata dakika tano isipokuwa usiku wa Jumapili. Ongeza vipuri vilivyoko stoo, mkataba wa matengenezo, na ukweli kwamba seva iliyonunuliwa 2018 kwenye vitabu vya mhasibu inaishi hadi 2023. Halafu 2020 VMware, wenye programu ya kuendeshea mashine pepe, wakabadili leseni: leseni moja ya prosesa mwisho viini 32. Prosesa ya viini 64 ikahitaji mbili, na akiba niliyomwonyesha bosi ikapungua mbele ya macho yangu.

Hapo ndipo nilipokosea kama mwekezaji, na hili naliandika ili mwingine asilirudie. Nilipima soko lote kwa chumba changu. Mwanzoni mwa 2020 nikauza hisa zangu zote za AMD. Julai mwaka huohuo Intel ikatangaza kuwa teknolojia yake ya nanomita 7 imechelewa, na hisa yake ikashuka takriban asilimia 16 kwa siku moja. Sikujua wanunuzi wakubwa wa wingu, yaani kampuni zinazokodisha seva mtandaoni, hawana kikwazo changu: programu ni zao, wananunua kwa maelfu, na wakiona umeme unaokoka wanahama. Ofisi kama yetu hufuata miaka kadhaa baadaye.

Ndiyo maana mkisoma takwimu za Mercury Research, kampuni inayofuatilia soko la prosesa, tenganisheni idadi na mapato. Robo ya tatu ya 2024 AMD ilikuwa na kama asilimia 24 ya prosesa za seva za x86 (usanifu unaotumiwa na Intel na AMD) kwa idadi, lakini karibu 34 kwa mapato. Inauza chache za bei kubwa. Anayebishana kwa namba ya kwanza na anayebishana kwa ya pili wote wako sahihi, hawajasikilizana tu. Robo hiyohiyo kitengo cha AMD cha vituo vya data kiliingiza dola bilioni 3.5 dhidi ya 3.3 za Intel, ila humo AMD inahesabu pia chipu za akili mnemba, kwa hiyo msiilinganishe moja kwa moja.

Na mgao ukiupata unaweza kuupoteza. Opteron, prosesa ya seva ya AMD ya kabla ya EPYC, ilifika karibu robo ya soko mwaka 2006, kisha ikaporomoka mpaka chini ya asilimia moja kabla ya EPYC. Kinachonipa wasiwasi leo si Intel peke yake. Amazon ina prosesa yake ya seva, Graviton, tangu 2018, kwa usanifu mwingine uitwao Arm, na mashine hizo hazimo kabisa kwenye takwimu za x86. Mtu anaweza kushangilia mgao unapanda huku keki yenyewe inaliwa pembeni.

Ofisini tulianza kuhama 2023, Jumapili tisa mfululizo, tukizima na kuwasha mashine pepe moja baada ya nyingine hadi alfajiri. Rafu mbili bado ni Xeon, na mkataba wake unaisha 2027.